Biashara ya taa za Krismasi Paje yahitaji kalenda ndefu

Kila ifikapo Novemba, wenye nyumba za wageni na migahawa ya pwani ya mashariki ya Unguja huanza kuulizia kamba za taa za rangi katika maduka ya vifaa vya umeme ya Darajani, na wengine huvuka hadi Kariakoo, Dar es Salaam. Mzigo hupakiwa pamoja na mchele na soda, na baada ya siku chache ufukwe wa Paje huwaka taa kuanzia kwenye minazi hadi kwenye mapaa ya makuti. Kwa anayetazama kwa mbali, hii ni biashara nzuri ya msimu. Kwa mfanyabiashara mdogo aliyefunga mtaji wake humo, mahesabu ya Januari huonyesha sura nyingine.

Bidhaa hii huuzika kwa wiki nne au tano, kisha hulala stoo kwa miezi kumi na moja. Hewa ya chumvi ikishaila, inayotolewa mwaka unaofuata huwa nusu inawaka na nusu haiwaki. Faida ya Desemba huliwa na mabaki ya Januari. Wengi huhitimisha kwamba taa za Krismasi hazilipi katika kisiwa chenye Waislamu wengi kama Unguja.

Hitimisho hilo si sahihi. Kinachowaumiza ni kuitazama bidhaa kwa kalenda fupi. Anayeziita "taa za Krismasi" amejifungia wateja wa mwezi mmoja. Anayeziona kuwa taa za sikukuu, akaziuza pamoja na kazi ya kuzitundika na kuzitunza, ana soko la mwaka mzima. Lakini ili alipate, anatakiwa kusoma mambo manne: upepo, meli, umeme na mwezi.

Kaskazi ndiyo inayoleta mteja

Paje iko kiasi cha kilomita 50 kutoka Mjini Unguja, na ni kijiji cha uvuvi na kilimo cha mwani. Wakristo wenyeji ni wachache. Ukristo wenyewe si mgeni Zanzibar: kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, lilianza kujengwa mwaka 1873, na kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki limesimama Mji Mkongwe tangu karne ya 19. Hata hivyo, mahitaji ya waumini hao peke yao hayawezi kujaza kontena.

Mteja mkubwa wa taa Paje huletwa na upepo. Kaskazi hushika kuanzia katikati ya Desemba na kuendelea hadi Machi. Zamani upepo huo ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Leo unaleta vijana wa Ulaya na kwingineko wanaokuja kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, mchezo ulioifanya Paje ijulikane duniani. Wageni hao hufika wakati ule ule ambao kwao ni Krismasi na Mwaka Mpya. Takwimu rasmi zinaonyesha kuwa Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023 na zaidi ya 736,000 mwaka 2024.

Hapa lazima wateja watenganishwe. Hoteli kubwa huagiza mapambo yake, na zina mafundi wake. Huko mfanyabiashara mdogo asipoteze nauli. Soko lake ni nyumba ya wageni ya vyumba vitano hadi ishirini, mgahawa wa pwani, na mwenye nyumba za kupangisha ambaye haishi hapo. Huyu hana fundi. Hununua kamba za bei ya chini kabisa, humpa mlinzi azitundike kwa misumari, na kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya baadhi zimekwisha kuzima. Kamba anaweza kuzipata popote. Anachokosa ni mtu wa kuzitundika, kuzirekebisha zinapozima na kuziteremsha msimu ukiisha.

Mzigo na meli

Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka China, na mji unaoongoza kwa biashara hiyo ni Yiwu, katika jimbo la Zhejiang. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani huweka oda zao katikati ya mwaka. Mfanyabiashara wa Unguja anayeanza kuuliza bei Oktoba hukuta mzigo mzuri umekwisha kwenda, naye huuziwa masalia. Mzigo wa baharini unahitaji wiki kadhaa kufika Dar es Salaam, bado kushusha, kulipia ushuru na kuvusha hadi Bandari ya Malindi, ambayo msongamano wake umekuwa kilio cha wafanyabiashara kwa miaka mingi. Anayetaka bidhaa iwe dukani mwanzoni mwa Novemba awe amekwisha kulipa ifikapo Agosti.

Wachache wenye mitaji midogo wakiungana kununua sehemu ya kontena moja, kila mmoja hupata bei ya jumla bila kubeba mzigo asioweza kuumaliza. Mtindo huo unafahamika tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na Wazanzibari wakaanza safari za Dubai.

Kabla ya kulipa, kuna mambo matatu ya kukagua. La kwanza ni volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na kamba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 tu. Zikichomekwa hapa, huungua papo hapo. La pili ni alama ya kinga dhidi ya maji. Kamba yenye alama ya IP44 huvumilia rasharasha, na ya IP65 huvumilia maji ya mpira. Isiyo na alama yoyote ni ya sebuleni. Kwa Paje, ambako vuli huweza kunyesha hadi Desemba na upepo hurusha chumvi usiku na mchana, taa ya sebuleni ikitundikwa nje ni fedha iliyotupwa baharini.

La tatu ni moto. Makuti makavu hushika cheche haraka, na upepo wa kaskazi hauzimi moto, bali huusambaza. Waya mwembamba wa bei poa, uliounganishwa kwa selotepu na kuchomekwa kwenye ekstensheni moja yenye mizigo mingine, ni hatari kwa paa la mteja na kwa jina la aliyeuza. Taa za LED hazipati joto kama za zamani, lakini kiungo kibovu hutoa cheche hata kwenye LED. Muuzaji anayetundika mwenyewe, akapitisha waya mbali na makuti na kuweka fyuzi, ana kitu cha kuuza ambacho duka la Darajani halina.

Krismasi ya giza ya 2009

Kamba za umeme katika mti wa Krismasi zilionekana kwa mara ya kwanza New York, Desemba 1882, nyumbani kwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison. Mti wake ulikuwa na balbu 80. Mwaka uliofuata, 1883, Sultani Barghash alijenga Beit al Ajaib, jengo linalotajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwekwa taa za umeme. Hivyo Unguja haikuchelewa kuuona umeme. Tatizo lake limekuwa kuupata bila kukatika.

Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza, uliowekwa mwaka 1980, ulikuwa na uwezo wa megawati 45. Mwezi Mei 2008 hitilafu ilikiacha kisiwa gizani kwa karibu mwezi mzima. Kisha tarehe 10 Desemba 2009, wiki mbili kabla ya Krismasi, umeme ulikatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Msimu mzima wa kaskazi ulipita kisiwa kikiwa hakina umeme wa gridi. Hoteli zenye jenereta kubwa ziliendelea kwa gharama nzito ya dizeli. Nyumba ndogo ziliwasha kwa saa chache, na nyingine hazikuwa na uwezo huo. Pampu za maji zilisimama na samaki wakaharibika.

Aliyekuwa na shehena ya taa za Krismasi mwaka ule alikaa nayo. Walioondoka na fedha ni wauzaji wa jenereta, mafuta, mishumaa na barafu. Mgeni analipia mwanga unaowaka, na kamba iliyozima ni uchafu tu ukutani.

Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, ulikabidhiwa mwaka 2013, na giza la miezi mitatu halijarudi. Lakini kukatika kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida, nayo mahitaji ya kisiwa yamekuwa yakipanda kila hoteli mpya inapofunguliwa. Kwa hiyo anayeuza taa Paje auze pamoja na betri.

Hesabu yake si ngumu. Kamba ya zamani ya balbu 100 hula kiasi cha wati 40. Kamba 20 zikiwaka saa sita kila usiku kwa siku 30 zitakula uniti 144 za mita ya Tukuza. Kamba za LED za wati 6 kila moja, kwa muda huo huo, zitakula uniti 21 na ushee. Tofauti hiyo ni zaidi ya uniti 120 kwa mwezi, na kila mwenye nyumba ya wageni anaweza kuizidisha kwa bei anayolipa.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Kamba hizo 20 za LED, zikiwa na wati 120 kwa jumla, huweza kuwashwa na betri moja ya sola ya volti 12, Ah 100. Betri ya aina ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu ya ujazo wake, na inveta nayo hula kidogo, lakini bado hubaki saa nne za mwanga. Umeme ukikatika saa mbili usiku, mgahawa wenye taa hizo utabaki unaonekana kutoka ufukweni hadi usiku wa manane, na wateja wa jirani watahamia hapo.

Kuuza au kukodisha

Chukua mfano, ambao ni wa mahesabu tu na si bei ya soko. Mtu ananunua kamba 100 kwa shilingi 10,000 kila moja. Mtaji ni 1,000,000. Akiuza kamba 60 kwa shilingi 18,000 anapata 1,080,000, na kamba 40 zinabaki. Akitoa shilingi 60,000 za usafiri na gharama ndogo ndogo, amebakiwa na faida ya 20,000 na stoo ya kamba 40 zitakazoanza kushika kutu.

Mwenzake ana kamba zile zile 100. Hauzi hata moja. Anakodisha 90 kwa msimu wa Krismasi na Mwaka Mpya kwa shilingi 7,000 kila moja, kazi ya kutundika na kurekebisha ikiwa ndani yake. Anapata 630,000. Katika miezi inayofuata anapata harusi nane, kila harusi kamba 30 kwa shilingi 3,000. Hizo ni 720,000. Jumla ni 1,350,000. Akitoa 350,000 za fundi na usafiri, amerudisha mtaji wake wote, na kamba kiasi cha 70 bado nzima. Mwaka wa pili anaongeza kamba 30 kwa 300,000, na kwa mapato yale yale hubakiwa na 700,000.

Mwaka wa kwanza haukumpa hata senti ya faida. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Biashara ya kukodisha humtaka mtu aweze kula kwa njia nyingine kwa miezi 12, na asiye na uwezo huo asiingie kwa mkopo wa riba. Lakini aliye na subira hujenga daftari la wateja, na daftari hilo halishiki kutu.

Kalenda ya mwezi

Kamba za rangi nyumbani kwa bwana harusi au bibi harusi ni jambo la kawaida Unguja. Pwani nzima hupamba kwa taa na vibendera wakati wa Maulidi. Kuna Idi mbili. Kuna tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, siku 18 tu baada ya Krismasi. Taa nyeupe au za rangi zisizo na sanamu ya mzee mwenye ndevu hutumika kote huko. Zenye sanamu hiyo hutumika mara moja. Kwa hiyo kanuni ya kununua ni nyepesi: kila shilingi kumi za mtaji, tisa ziende kwenye taa zisizo na dini, na moja kwenye mapambo ya Krismasi yenyewe.

Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na hapo kuna jambo ambalo wawekezaji wa Paje hawana budi kulipanga mapema. Mara ya mwisho Krismasi kuangukia ndani ya Ramadhani ilikuwa miaka ya 1998, 1999 na 2000. Wakati huo Paje ilikuwa na nyumba chache za wageni. Kwa hesabu za falaki, na kutegemea mwezi kuandama, Ramadhani itaanza tena karibu na tarehe 26 Desemba 2030. Krismasi za 2031 na 2032 zitakuwa ndani ya mfungo. Mwaka 2033 Idi el Fitri itakuja siku mbili tatu kabla ya Krismasi.

Safari hii hoteli ni nyingi na wageni ni wengi. Miaka hiyo kijiji kitakuwa kimefunga, na ufukwe utakuwa katika kilele cha sherehe za wageni. Wapo wazee ambao hata sasa hawapendezwi na muziki na ulevi wa mkesha wa Mwaka Mpya karibu na misikiti, na malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwani biashara iliyochukiwa na kijiji haidumu. Lakini taa zenyewe hazina ugomvi na mtu. Kamba iliyotundikwa kwa ajili ya futari inaweza kubaki ikiwaka kwa chakula cha usiku cha wageni. Mfanyabiashara anayefahamika msikitini na hotelini, anayezima taa za karibu na msikiti wakati wa tarawehe bila kuambiwa, ndiye atakayepewa kazi na pande zote mbili. Na Desemba 2033, Idi na Krismasi zikifuatana ndani ya wiki moja, itakuwa Desemba ambayo Paje ya watalii haijawahi kuiona. Anayeanza leo atakuwa na uzoefu wa kutosha kuipokea.

Mvinje na ukili

Jambo la mwisho ni la mapambo yasiyo ya umeme. Mgeni aliyesafiri saa kumi kwa ndege hafurahishwi sana na mti wa plastiki anaoufahamu kutoka kwenye maduka ya kwao. Pwani ya Unguja ina mvinje, mti wenye majani mfano wa sindano, ambao kwa sura unakaribiana na miti ya Krismasi ya Ulaya. Matawi yaliyopogolewa yanatosha. Kukata miti mizima inayozuia mmomonyoko wa pwani ni kujichimbia shimo. Wanawake wa vijijini hushona mikeka na mikoba ya ukili kwa rangi zinazovutia. Mikono ile ile inaweza kushona nyota na mipira ya kutundika.

Paje ina funzo lake la karibu. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza huko mwaka 1989, na kwa miaka mingi wakulima, wengi wao wanawake, wameuza mwani mkavu kwa bei inayopangwa na wanunuzi wa nje. Thamani huongezeka ng'ambo. Sabuni ya mwani inayotengenezwa papo hapo Paje imeonyesha kwamba sehemu ya thamani hiyo inaweza kubaki kijijini. Taa za Yiwu ni hadithi ile ile kwa upande wa pili: fedha za mgeni zinafika Paje na kuondoka siku hiyo hiyo. Nyota ya ukili yenye taa ndogo ya LED ndani yake ingezibakiza fedha hizo kwa mshonaji, kwa fundi na kwa mwenye duka.

Mwelekeo

Anayeingia sokoni Novemba kwa mara ya kwanza asubiri, kwa sababu bei zimekwisha kupanda na bidhaa bora zimekwisha kuondoka. Mwenye shehena iliyobaki aitoe stoo sasa, aipime kamba moja moja, azikodishe nzima kwa harusi na aziuze mbovu kama vipuri. Anayetaka kuanza achague nyumba kumi za wageni zilizo karibu, atengeneze mkataba wa kurasa mbili, achukue nusu ya malipo mbele, na aweke oda yake kabla ya Agosti. Mwenye fedha kidogo zaidi ya hapo anunue betri kabla ya kuongeza kamba.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Katika biashara ya taa, baraka hiyo huonekana mwezi Februari, wakati mmoja anafagia kutu stoo na mwenziwe anapakia kamba zake kwenye gari kwenda harusini Jambiani.